Fulana ndani ya mfuko: swali tuliloulizwa Litumbandyosi

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai, wakati mahindi yamekwishavunwa na baridi ya Umatengo ingali haijaondoka, tulipoiacha barabara kuu ya Songea na Mbinga pale Kitai, tukafuata malori yanayokwenda kupakia makaa ya mawe ya Ngaka, hata tukafika kata ya Litumbandyosi tukiwa tumejaa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Jamaa yetu mmoja alikuwa ametualika. Baada ya sala na baada ya chakula, nacho kilikuwa ni ugali na dagaa wa Ziwa Nyasa, mwenyeji wetu aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki, akauweka juu ya mkeka katikati yetu.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na fulana mpya, kofia na mkanda mpana wa kiunoni. Rangi yake hatutaitaja, kwa kuwa vyama vikubwa vya nchi hii vimewahi, kwa nyakati mbalimbali, kuwa na vikosi vya vijana vya namna hiyo, na kila kimoja kina rangi yake. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 22 aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani, alikuwa ameitwa na kiongozi wa vijana wa chama katika kata. Aliambiwa kwamba atapelekwa mafunzo ya "ulinzi wa chama", kisha wakati wa kampeni atakuwa akilipwa posho.

"Ninyi mnaandika magazetini," mwenyeji wetu alisema. "Mimi si mpinzani wa chama hicho, kadi yake ninayo tangu zamani. Lakini niambieni, nikimwachia mwanangu aende, nitakuwa nimemwachia aende wapi?"

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu la haraka, na jibu la haraka katika jambo la mtoto wa mwenzio ni utovu wa adabu. Aliyevunja kimya kile alikuwa bibi mmoja, mama mkwe wa nyumba ile, aliyezaliwa ufukweni, Mbamba Bay. Yeye alisema neno moja tu: "Waulizeni wa ng'ambo." Kisha akaeleza kwamba dada yake aliolewa Nkhata Bay, upande wa pili wa ziwa, na kwamba kila alipokwenda kumwona, katika miaka ile ya Mzee Banda, shemeji yake alimwonya mara tu anaposhuka chomboni asizungumze habari yoyote ya serikali, hata na mtoto, mpaka wafike ndani na mlango ufungwe.

Basi tumeona ni vyema leo tuwasimulie wasomaji wetu habari ya hao wa ng'ambo. Tunaifanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni jirani zetu kabisa, nasi tunanywa maji ya ziwa moja. Ya pili ni kwamba waliotenda mambo yale hawakuanza wakiwa watu waovu, na chama kilichowalea hakikuanza kikiwa chama cha dhulma.

Chama cha Malawi Congress, MCP, kilianzishwa mwezi wa Septemba mwaka 1959, wakati viongozi wengi wa harakati za uhuru wa Nyasaland walikuwa vizuizini. Miezi michache nyuma, tarehe 3 Machi 1959, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na siku hiyo hiyo askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika gatini Nkhata Bay, wakafa watu 20. Kwa hiyo chama kilizaliwa katika damu ya wananchi wake, na kila aliyejiunga nacho alijiona anajiunga na upande wa haki. Rais wake wa kwanza alikuwa mwanasheria Orton Chirwa. Alikishika kiti kile kama amana, na Dkt. Hastings Kamuzu Banda alipotolewa kizuizini mwezi wa Aprili 1960, Chirwa alimpisha. Tunamwomba msomaji alikumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Wakati ule chama kilikuwa na vijana. Chama gani cha ukombozi hakikuwa nao? Hao ndio waliobeba ujumbe usiku, ndio waliolinda mikutano, ndio waliohakikisha kwamba kila nyumba imenunua kadi. Na ndio pia waliowatisha wale ambao hawakutaka kununua. Viongozi wenye elimu na busara waliliona jambo hili. Walilichukulia kuwa ni joto la ujana ambalo litapoa bendera ya mkoloni itakaposhushwa. Isitoshe, joto lile lilikuwa linawafaa. Wao wenyewe, akina Kanyama Chiume na Henry Chipembere, walikuwa vijana, na ndio waliomtangaza Banda mbele ya umma kuwa ni mkombozi asiyeulizwa, wakijua fika kwamba ni mwanadamu kama wao.

Mwaka 1963 liliundwa jeshi la vijana la Young Pioneers. Mfano ulichukuliwa Ghana ya Kwame Nkrumah, na wakufunzi walitoka Israel. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema, na kwa hakika sehemu yake ilitekelezwa: vijana wa vijijini walifundishwa kilimo bora, useremala na ujenzi, wakarudi makwao wakiwa na ujuzi. Mzazi yeyote wa Nkhata Bay au Karonga ambaye mwanawe alichaguliwa alikuwa na haki ya kushukuru. Fulana na kofia vilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Haikupita hata miezi mitatu, mawaziri wakagombana na Banda. Walilalamika kwamba nafasi za kazi bado zimo mikononi mwa Wazungu, kwamba wagonjwa wanatozwa senti katika hospitali za serikali, na kwamba nchi inaelewana mno na Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji. Mwezi wa Septemba Banda aliwafukuza baadhi yao, akiwemo Chirwa na Chiume, na wengine wakajiuzulu kwa kuwaonea huruma wenzao. Hapo ndipo walipokutana uso kwa uso na vijana wale. Vijana hawakumjua Chirwa kama mwanzilishi wa chama. Walimjua kama msaliti, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa siku hiyo. Mawaziri wakakimbia nchi, na wengi wao wakaja kwetu Tanzania. Chiume, ambaye alilelewa na kusomeshwa Tanganyika, aliishi Dar es Salaam miaka mingi, akaandika habari na vitabu kwa Kiswahili. Hakurudi kwao kuishi mpaka mwaka 1994.

Ama kilichofuata baada ya hapo ndicho tunachotaka wazazi wakizingatie zaidi. Mwaka 1965 sheria ilibadilishwa, ikasemwa kwamba askari polisi hatamkamata kijana wa Young Pioneers bila kwanza kushauriana na kamanda wa vijana hao katika wilaya. Jambo lenyewe linaonekana dogo, lakini maana yake ni nzito. Kijana amempiga mtu sokoni, mpigwaji amekwenda kituoni akitokwa damu, na afisa wa polisi, mtu mzima aliyeapa kulinda raia wote, anajibu kwamba hawezi kwenda kumkamata mpaka amwombe ruhusa mkubwa wa yule kijana. Tangu siku hiyo chama hakikuwa tena na kundi la vijana wakali ndani yake. Kilikuwa na nchi ndogo ndani ya nchi.

Kadi ya chama ikawa ndiyo pumzi. Vijana walisimama katika masoko na vituo vya mabasi, na asiyekuwa na kadi aliteremshwa au akazuiwa kununua na kuuza. Yalitolewa malalamiko, yakaandikwa pia na watetezi wa haki za binadamu, kwamba hata mwanamke mjamzito alidaiwa kadi ya mtoto ambaye bado yu tumboni. Wavuvi na wachuuzi waliovuka ziwa wakija upande wetu walizijua vizuri habari hizo, na bibi yetu wa Mbamba Bay alizijua pia.

Kisha yakaja yaliyowapata Mashahidi wa Yehova. Hawa si watu wa dini yetu, na huenda wako wasomaji watakaotuuliza tunawahitajia nini katika ukurasa huu. Tunawahitajia sana. Watu wale kwa itikadi yao hawajiungi na chama cha siasa, hivyo walikataa kununua kadi. Mwaka 1967 madhehebu yao yalipigwa marufuku. Mwezi wa Septemba mwaka 1972 mkutano mkuu wa mwaka wa MCP ulipitisha azimio kwamba wafukuzwe makazini na wasiruhusiwe kuishi vijijini. Azimio ni karatasi. Walioligeuza kuwa moto, vipigo na mambo ya aibu waliyofanyiwa wanawake ambayo hatuwezi kuyaandika hapa, ni vijana wa chama. Watu zaidi ya 20,000 walikimbilia Zambia, kisha wengi wakaingia Msumbiji. Majirani waliowaona wakiondoka na mabunda kichwani walikuwa Wakristo na Waislamu wenye kadi zao mfukoni, na takriban wote walinyamaza. Anayedhani kwamba kundi kama lile likimalizana na jirani yake litarudi nyumbani kulala, na asome yaliyotokea miaka 27 baadaye, ambayo tutayafikia.

Mwaka 1981 Orton Chirwa na mkewe Vera walitekwa mpakani mwa Zambia na Malawi, wakahukumiwa kifo kwa uhaini. Adhabu ilibadilishwa ikawa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Zomba mwezi wa Oktoba 1992. Mwanzilishi wa chama amekufa akiwa mfungwa wa chama. Mwezi wa Mei 1983 viongozi wanne wa juu wa chama hicho hicho, watatu kati yao mawaziri, walikutwa wamekufa ndani ya gari Mwanza (ile ya Malawi, si ya kwetu). Wananchi waliambiwa kuwa ni ajali. Baada ya mabadiliko ya utawala, tume ya uchunguzi ilisema kwamba waliuawa na polisi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hapa aliyechimba alikuwa mmoja na walioingia walikuwa wengi.

Mwaka 1992 maaskofu wa Kikatoliki walisoma waraka makanisani wakayasema wazi yaliyokuwa yakinong'onwa. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 63 wakachagua mfumo wa vyama vingi. Banda alikubali matokeo. Lakini vijana wenye silaha walikuwapo bado, na hakuna aliyejua ni nani hasa anayewaamuru. Tarehe 1 Desemba mwaka huo wanajeshi waliuawa Mzuzu katika ugomvi na vijana hao. Siku mbili baadaye jeshi la taifa, bila kuwauliza wanasiasa, lilizivamia kambi za Young Pioneers nchi nzima, likayavamia hata makao makuu ya chama Lilongwe. Operesheni ile iliitwa Bwezani, yaani rudisheni. Wengi wa vijana walivuka wakaingia Msumbiji na silaha zao. Tujiulize, wazazi, walikuwa watoto wa nani hao waliokuwa wakikimbia porini? Miaka 30 nyuma wangeweza kuwa mafundi seremala.

Banda alishindwa katika uchaguzi wa Mei 1994. Mwezi wa Januari 1996, akiwa mzee sana na karibu miaka miwili kabla ya kifo chake, alitoa taarifa ya kuwaomba radhi wananchi. Katika taarifa ile alisema kwamba ikiwa watu waliofanya kazi katika serikali yake, au waliojifanya wanatenda kwa jina lake, au wengine bila yeye kujua, walimletea mtu yeyote maumivu, basi anaomba radhi. Tumeisoma taarifa hiyo mara kadhaa. Hatuwezi kuamua ni kiasi gani alijua, hiyo ni kazi ya Mwenye kuyajua yaliyomo vifuani. Lakini tunasema kwamba maneno hayo "bila yeye kujua" ndiyo hasa yanayoeleza jinsi chama kinavyoishi na kundi lake la wakali. Mkubwa hatoi amri. Mkubwa hauulizi usiku ule mlikuwa wapi. Asubuhi njia imekuwa nyeupe, wapinzani hawaonekani, naye anapita na gari lake akipunga mkono.

Wala tusidhani kwamba kuondoka kwa Banda kulimaliza mambo. Aliyemshinda ni Bakili Muluzi wa chama cha UDF, Mwislamu, na Waislamu wengi wa pande zetu walifurahi. Haukupita muda UDF nacho kikawa na vijana wake, walioitwa Young Democrats, na wapinzani wa Muluzi walipigwa nao, hususan katika kipindi ambacho wafuasi wake walitaka Katiba igeuzwe ili agombee tena, jambo lililokataliwa na Bunge mwezi wa Julai 2002. Tungekuwa tunafanya hiyana kama tungeyataja ya MCP tukayafunika ya UDF kwa sababu tu mkubwa wake anaswali kama sisi. Na baada ya uchaguzi wa Juni 1999, watu wenye hasira katika baadhi ya miji ya kaskazini ya Malawi walichoma misikiti na maduka ya Waislamu, watu ambao hawakuwa na hatia yoyote ila kuwa wa dini moja na mshindi. Hayo ndiyo tuliyosema tutayafikia. Nchi iliyozoea kuona mlango wa jirani ukivunjwa na vijana wa siasa haikuchagua tena mlango wa kuvunja.

Baada ya kuyasimulia hayo pale mkekani, kijana mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya kwa heshima karibu na mlango, aliomba ruhusa ya kusema. "Shikamooni wazee. Lakini hiyo ni Malawi. Sisi hapa ni Tanzania, nchi ya amani."

Ni hoja ambayo tumeisikia kwa watu wazima pia, nayo inastahili kujibiwa kwa insafu. Ni kweli kwamba Tanzania Bara haikufikia hayo. Lakini Zanzibar je? Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi, chini ya Seif Bakari, ulikuwa na nguvu kubwa ndani ya chama na baadaye ndani ya Baraza la Mapinduzi. Chama kile kilikuwa na walimu na wanasiasa waliosoma, kama Othman Shariff na Abdulla Kassim Hanga. Uchaguzi wa Juni 1961 ulipogeuka kuwa machafuko, wakafa watu 68, wengi wao Waarabu wa mashambani, kila upande wa siasa ulikuwa na la kujibu, na kila upande uliyatetea makundi yake. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Hanga alikuwa mmoja wa wakubwa wa serikali. Mwaka 1969 yeye na Shariff walipelekwa Zanzibar kutoka Bara, wakauawa. Nao pia walikuwa watu wa chama, wala si wageni. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina mtu wao aliyepotea katika miaka hiyo, na hatutaki kuongeza neno juu ya kidonda.

Na baada ya vyama vingi kurudi, Visiwani wakati wa uchaguzi wa mwaka 2005 wananchi walianza kulalamikia makundi ya vijana waliowapa jina la Janjaweed, na miaka kumi baadaye yakasikika malalamiko ya watu wanaofunika nyuso ambao mitaani waliitwa Mazombi. Majina hayo hayakubuniwa na waandishi. Ni wananchi waliyatoa, na watu hawatoi jina kwa kitu ambacho hakipo. Huku Bara nako, katika uchaguzi mdogo wa Igunga mwaka 2011 kijana wa chama tawala alimwagiwa tindikali, na katika uchaguzi mdogo wa udiwani wa Kirumba, Mwanza, mwaka 2012, wabunge wawili wa upinzani walikatwa mapanga. Waliodhurika ni wa vyama vinavyopingana. Maumivu yao hayakuwa na rangi.

Sheria yetu haikulala kabisa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakikataza chama kukubali au kuhimiza matumizi ya nguvu ili kufikia malengo yake ya kisiasa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalikwenda mbali zaidi, yakakataza chama kuandikisha, kuunda au kutumia kikundi cha ulinzi au cha kimgambo. Kabla ya hapo vikosi hivyo vilitembea mchana: Green Guard, Blue Guard na Red Brigade, na magazeti yalipiga picha zao wakifanya gwaride. Kwa hiyo mwenyeji wetu alipouliza anamwachia mwanawe aende wapi, jibu la kwanza lilikuwa la kisheria, nalo ni fupi: anamwachia aende kwenye jambo lililokatazwa. Likitokea la kutokea, chama kitasema hakimjui.

Hapo mkewe mwenyeji, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, alitoa sauti. "Muulizeni huyo aliyeileta hiyo fulana. Mwanangu akivunjwa mguu, nani atamtibu? Na yeye akimvunja mtoto wa mwenzangu, mimi nitapita njia gani kwenda kisimani?"

Swali la pili lilitupata sana. Wanaoandika juu ya siasa, sisi tukiwamo, huwa tunawaza kijana anayepigwa. Mama huyu alimwaza mwanawe akiwa mpigaji, na aliuwaza mji mdogo ambamo kila mtu ni shemeji au mkwe wa mtu. Vijana wa Interahamwe nchini Rwanda, waliokuwa tawi la vijana la chama cha MRND kabla ya kuwa wauaji wa mwaka 1994, waliwaua zaidi ya yote watu waliowajua kwa majina. Hawakupewa ramani. Walizaliwa vijiji vile vile.

Lakini tusije tukadhaniwa kwamba tunawachukia vijana wa vyama. Mkoa huu wa Ruvuma una historia ambayo wengi wameisahau, na tunapenda kuikumbusha kwa kuwa ni kinyume cha hayo yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa, katika eneo la Songea, si kwa kulinda mkutano wala kumpiga mtu, bali kwa kulima pamoja. Wakafeli mara ya kwanza, wakarudi tena. Mwaka 1963 wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na vijiji kama 17 vikajiunga. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao na karakana, na waliamua mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na inasemwa na wengi kwamba fikra za ujamaa vijijini zilichota humo. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama chao na mali ikachukuliwa. Viongozi wengi wa mkoa na wa taifa hawakuvumilia watu wa chini wanaojiamulia.

Hebu mtu atafakari. Chama cha ng'ambo kiliwavumilia vijana wake walioshika rungu kwa miaka 30. Chama cha huku hakikuwavumilia vijana wake walioshika jembe hata miaka kumi. Hatusemi TANU ilikuwa sawa na MCP, hiyo itakuwa dhulma. Tunasema kwamba vyama vina tabia ya kumwogopa mwanachama anayefikiri kuliko anayepiga, kwa sababu anayepiga anahitaji kuelekezwa, na anayefikiri anaweza kuuliza. Kijana wa rungu hana swali. Ana njaa, hana kazi, na amepewa fulana.

Na hili la njaa wazazi wasilipite haraka. Kijana yule wa Litumbandyosi hakuitwa kwa sababu ana itikadi kali. Alituambia mwenyewe kwamba hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa ilani ya chama chochote. Aliitwa kwa sababu ana mabega mapana na hana shughuli tangu mavuno yalipokwisha. Baba yake alikuwa amemwahidi pikipiki ili abebe abiria, mahindi yakakosa bei, ahadi ikaahirishwa. Posho ya chama ikaja mahali pa pikipiki. Wako wazazi wanaoona aibu kumkataza mtoto jambo la posho ilhali wao hawana cha kumpa. Methali inasema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini methali haisemi mzazi asiye na kitu afanyeje, na sisi hatukutaka kumhubiria mwenyeji wetu juu ya mkeka wake mwenyewe.

Tulimwambia tu kijana ampigie simu kiongozi wake mbele yetu, amuulize maswali mawili ya mama yake. Akapiga. Swali la kwanza, la matibabu, lilijibiwa kwamba hayo "yataonekana huko mbele". Swali la pili kiongozi hakulielewa, akaomba lirudiwe, kisha akacheka, akasema, "Kwani mama anafikiri tunakwenda vitani?" Simu ikakatika, ama mtandao, ama yeye.

Tuliondoka Litumbandyosi alfajiri ya Jumamosi, na mfuko ule ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Baada ya siku tisa mwenyeji wetu alitupigia simu. Kijana ameurudisha. Pale ofisini alipewa daftari atie sahihi kwamba amerejesha, na katika ukurasa huo aliyaona majina ya waliopokea. Yalikuwa kumi na moja, wote wa rika lake, na watatu kati yao ni watoto wa baba zake wadogo. Mwenyeji wetu alisema kwamba jioni ile alikuwa anavaa viatu aende kwa nduguze, mmoja baada ya mwingine, kabla giza halijaingia.